Kazi Iliyo Wazi: Namna Vikundi vya Watunga Programu Vinavyofichua Makosa Mapema

Mwashi akijenga ukuta uliopinda, wapita njia wote huuona. Seremala akikata mguu mmoja wa meza mfupi kuliko mingine, meza yenyewe humsema. Lakini mtunga programu za kompyuta akikosea, kosa lake halionekani kwa macho wala halisikiki kwa masikio. Hukaa kimya ndani ya maelfu ya mistari ya maagizo, pengine kwa miaka mingi, likingojea siku ambayo hali fulani zitakutana na kuliamsha.

Kwa sababu hiyo, suala la namna watu wanavyofanya kazi pamoja, ambalo katika fani nyingine huweza kuhesabiwa kuwa jambo la utawala au la adabu tu, katika utungaji wa programu limekuwa suala la kitaalamu. Iwapo kazi yenyewe haionekani, ni utaratibu gani unaoweza kuifanya ionekane kabla haijaleta madhara? Makala haya yanaeleza jibu lililojengwa hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka 50, yaani utaratibu wa kufanya kazi kwa ushirikiano na uwazi ambao leo hujulikana kwa jina la ajaili, neno lenye maana ya wepesi wa kugeuka. Yanaeleza vilevile masharti ambayo yasipotimizwa, uwazi huo hubaki kuwa jina tu.

Mashine iliyounguza wagonjwa

Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa 6 waliokuwa wakitibiwa katika hospitali za Marekani na Kanada walipigwa na mionzi mingi kupita kiasi kutoka katika mashine iliyoitwa Therac-25. Wasiopungua 3 kati yao walifariki kutokana na madhara yake. Mashine za aina hiyo zilikuwa 11 tu: 5 Marekani na 6 Kanada, nchi ambako zilitengenezwa na kampuni ya umma.

Therac-25 iliweza kutibu saratani kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, elektroni zilielekezwa kwa mgonjwa moja kwa moja. Katika njia ya pili, mkondo wa elektroni wenye nguvu iliyozidi ile ya kwanza kwa takriban mara 100 ulipigwa kwenye bamba la metali ili kutoa eksirei. Ni dhahiri kwamba mkondo huo wa pili ukitolewa bila ya bamba kuwepo mahali pake, mgonjwa hupata kipimo kinachoua. Katika mashine zilizotangulia, palikuwa na vizuizi vya umeme na vya mitambo vilivyozuia jambo hilo lisitokee. Katika Therac-25 vizuizi vingi viliondolewa, na kazi ya ulinzi ikaachiwa programu ya kompyuta. Programu hiyo ilitungwa na mtu mmoja kwa muda wa miaka kadhaa, akitumia sehemu za programu za mashine za zamani. Maelezo yake ya maandishi yalikuwa machache, wala haikupata kuchunguzwa na watu wasiohusika na utungaji wake.

Mwaka 1986, katika mji wa Tyler, Texas, wagonjwa wawili waliungua katika muda usiozidi mwezi mmoja. Kila mara kiwambo cha mashine kilionyesha ujumbe wa hitilafu wenye namba 54, ambao mwendeshaji hakuwa na njia ya kuelewa maana yake. Mtengenezaji alikuwa ameshikilia kwamba mashine haiwezi kutoa mionzi kupita kiasi, na hospitali ikaelezwa kwamba hakuna ajali nyingine ya namna hiyo inayojulikana. Ndipo mwanafizikia wa hospitali hiyo, Fritz Hager, alipokaa na mwendeshaji wa mashine wakairudia kazi ile tena na tena, mpaka namba 54 ikatokea mbele ya macho yao. Chanzo kilikuwa ni kasi ya vidole. Mwendeshaji mzoefu akikosea kuchagua aina ya mionzi na kusahihisha kabla ya sekunde 8 kwisha, wakati sumaku za mashine zikiwa bado zinajipanga, kiwambo kilionyesha sahihisho lakini sehemu nyingine ya programu iliendelea kulifuata agizo la kwanza.

Ajali ya mwisho, iliyotokea Yakima katika jimbo la Washington, ilikuwa na chanzo tofauti ambacho mwanafunzi wa hesabu anaweza kukifuata. Katika programu palikuwa na namba ya tahadhari. Ikiwa si 0, programu ilipaswa kukagua kama vifaa vimekaa mahali pake. Ikiwa 0, ukaguzi uliachwa. Badala ya kuipa namba hiyo thamani isiyobadilika, mtungaji aliagiza iongezwe 1 kila mara programu ilipopita mahali hapo. Namba yenyewe ilihifadhiwa katika baiti moja, yaani nafasi ya tarakimu 8 za kizio cha pili, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya 255. Kwenye 255 ukiongeza 1 hurudi 0, kama vile kipimamwendo cha gari kinavyorudi kwenye sifuri baada ya tarakimu zake kujaa. Kwa hiyo, kila mara ya 256 namba ilikuwa 0, na mwendeshaji akibonyeza kitufe wakati huohuo, mashine iliwaka bila ya kukaguliwa.

Makosa haya mawili yalikuwa madogo. Mtu wa pili mwenye ujuzi, akisoma mistari ile kwa utulivu, angekuwa na nafasi nzuri ya kuyaona. Kilichoyafanya yaue ni kwamba mtu huyo hakuwepo, na kwamba kila hospitali ilidhani iko peke yake. Habari za Tyler zilipoenea, mwanafizikia mmoja wa Chicago aliijaribu mashine ya zamani, Therac-20, akakuta kwamba nayo ilikuwa na kosa lilelile. Huko halikuwa limemwua mtu kwa sababu vizuizi vya umeme vilikuwa bado vipo: fyuzi zilikuwa zikikatika, na hakuna aliyejua kwa nini. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Uchunguzi kamili uliochapishwa na Nancy Leveson na Clark Turner mwaka 1993 umekuwa somo la lazima katika vyuo vingi vinavyofundisha uhandisi wa programu.

Hesabu ya mazungumzo

Wataalamu walikuwa wameanza kuhisi tatizo hili mapema. Oktoba 1968 walikutana Garmisch, Ujerumani, kuzungumzia kwa nini programu kubwa hucheleweshwa, huzidi gharama na hujaa makosa. Mwaka 1971 Gerald Weinberg alichapisha kitabu kuhusu saikolojia ya utungaji wa programu. Alieleza kwamba mtunga programu anayeiona programu kuwa sehemu ya nafsi yake hujitetea badala ya kutafuta kosa. Akashauri kwamba watungaji wazoee kusomeana kazi zao bila ya kuoneana haya. Mwaka 1976 Michael Fagan wa kampuni ya IBM alieleza utaratibu rasmi wa kikundi kukaa pamoja na kukagua maandishi ya programu mstari kwa mstari.

Lakini kushirikiana nako kuna gharama. Mwaka 1975 Frederick Brooks, aliyekuwa amesimamia utungaji wa programu kubwa za IBM, alikumbusha hesabu rahisi. Kikundi chenye watu n kina njia za mazungumzo n(n–1)/2. Watu 5 wana njia 10. Watu 10 wana njia 45. Watu 50 wana njia 1,225. Kwa hiyo watu wakiongezeka mara 10, mazungumzo huongezeka zaidi ya mara 100. Ndiyo maana Brooks alionya kwamba kuongeza watu katika kazi iliyokwisha kuchelewa huichelewesha zaidi.

Hesabu hii inaacha njia mbili za kutokea. Ya kwanza ni kukiweka kikundi kiwe kidogo. Ya pili ni kuweka mahali pamoja ambapo hali ya kazi inaonekana na wote, ili mtu asihitaji kumwuliza kila mwenzake peke yake. Njia hii ya pili ilikuwa imekwisha kujaribiwa, si katika vyumba vya kompyuta, bali katika viwanda vya Japani.

Kamba ya kiwandani

Mvumbuzi Sakichi Toyoda alitengeneza mitambo ya kufumia nguo ambayo, uzi mmoja ukikatika, ilisimama yenyewe. Faida yake ilikuwa kubwa: kosa halikuendelea kufumwa ndani ya nguo. Familia yake ilipoanzisha kiwanda cha magari cha Toyota, fikira hiyo ilihamia huko. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mhandisi Taiichi Ohno aliikuza kuwa utaratibu kamili. Vipuri vilitembea kiwandani pamoja na kadi, ziitwazo kanbani, zilizoonyesha ni nini kinachohitajika na kwa kiasi gani, hata mtu akitazama kadi aliijua hali ya kazi. Aidha, mfanyakazi aliyeona kasoro aliweza kuvuta kamba iliyokuwa karibu naye. Taa ikawaka, msimamizi akaja, na ikihitajika mstari mzima wa kuundia magari ukasimama.

Kwa mtazamo wa kwanza, kumruhusu mfanyakazi wa kawaida kusimamisha kiwanda ni hasara. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Kasoro iliyogunduliwa mahali ilipozaliwa hurekebishwa kwa dakika chache. Iliyogunduliwa gari likiwa limekwisha kuuzwa hugharimu fedha nyingi, na pengine roho ya mtu. Utaratibu huo ulisimama juu ya nguzo mbili: kazi ionekane na wote, na anayefichua kasoro asaidiwe badala ya kukemewa. Nguzo ya pili husahaulika mara kwa mara, nayo ndiyo inayoibeba ya kwanza.

Mkutano wa mwaka 2001

Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika kwamba vikundi bora vya kubuni bidhaa hucheza kama timu ya raga, wote wakisonga mbele pamoja, badala ya kupokezana kijiti. Kutokana na mfano huo wa raga lilipatikana jina la skramu, utaratibu uliotangazwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland mwaka 1995. Kent Beck naye alieneza utaratibu mwingine uliosisitiza majaribio na watu wawili wawili kutunga pamoja. Hatimaye, tarehe 11 hadi 13 Februari 2001, watu 17 wenye mawazo ya namna hiyo walikutana Snowbird, katika milima ya jimbo la Utah, Marekani. Walikubaliana juu ya ilani fupi ambayo kiini chake ni kwamba watu na mashauriano yao, programu inayofanya kazi, ushirikiano na mteja, na utayari wa kubadilika vina uzito kuliko taratibu, makaratasi, mikataba na mipango iliyokakamaa. Hapo ndipo jina la ajaili lilipopata kuenea.

Ili kuelewa utaratibu huu katika utendaji, chukua mfano wa kikundi cha watu 6 wanaotunga programu ya kuhifadhi matokeo ya mitihani ya shule.

Kwanza, kuna ubao wa kazi. Ubao, wa ukutani au wa kwenye kompyuta, hugawanywa katika safu tatu: kazi zitakazofanywa, zinazofanywa, na zilizokwisha. Kila kazi huandikwa katika kadi yake. Ubao huo hufichua jambo ambalo watu hulificha bila ya kukusudia, yaani kuanza kazi nyingi na kumaliza chache. Kanuni iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961 husema kwamba, hali ikiwa ya utulivu, wastani wa muda ambao kazi inakaa ndani ya mfumo ni sawa na wastani wa idadi ya kazi zilizomo, ukigawanya kwa idadi inayokamilika kwa kipindi. Kikundi chenye kadi 12 katika safu ya kati, na kinachokamilisha kadi 4 kwa wiki, huchukua wiki 3 kwa kila kadi. Kikijiwekea mpaka wa kadi 4 bila ya kupunguza kasi ya kukamilisha, kila kadi itachukua wiki 1. Kosa basi litagunduliwa wakati mtungaji bado anakumbuka alichokuwa akifikiri.

Pili, kuna mkutano wa kila siku, usiozidi dakika 15, ambao aghalabu watu huusimamia ili usirefuke. Kwa desturi kila mmoja hueleza alichokifanya jana, atakachokifanya leo, na kilichomkwamisha. Hili la tatu ndilo lenye thamani kuliko yote. Mkutano huu hautolewi kwa ajili ya mkubwa kupokea taarifa. Ni wa wenzi kuambizana, ili aliyekwama asikwame kwa siku tano akiona haya kusema.

Tatu, hakuna maandishi ya programu yanayoingizwa katika programu kuu kabla ya kusomwa na mtu wa pili. Mara nyingine watu wawili hukaa mbele ya kompyuta moja, mmoja akiandika na mwingine akifikiri na kuhoji, kisha wakabadilishana. Matokeo yake ni kwamba hakuna sehemu ya programu inayojulikana na mtu mmoja tu. Akiugua au akihama, kazi haisimami.

Nne, kuna majaribio ya kujiendesha. Tuseme wastani wa alama za mwanafunzi ni lazima uhesabiwe kwa namna moja kwa mwanafunzi aliyepata 0, na kwa namna nyingine kwa mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani. Kikundi huandika programu ndogo inayouliza swali hilo na kulinganisha jibu. Majaribio ya namna hii, pengine mamia, huendeshwa na kompyuta kila mara mtu anapoongeza maandishi mapya. Yote yakifaulu, ishara huwa ya kijani. Moja likishindwa, huwa nyekundu, na wote huiona. Ishara hiyo ndiyo kamba ya kiwandani.

Tano, kila baada ya wiki mbili, au muda mwingine mfupi, kikundi humwonyesha mteja programu inayofanya kazi, hata kama haijakamilika. Mwalimu wa taaluma akiitazama, huenda akasema kwamba katika shule yake mwanafunzi aliyehamishiwa kutoka kwingine katikati ya muhula hana alama za mwanzo. Hakuna mtungaji aliyelifikiria jambo hilo, wala halikuandikwa popote. Baada ya hapo kikundi hukaa peke yake na kutafakari: ni kitu gani katika namna yetu ya kufanya kazi kilichotuchelewesha, na tutabadili nini?

Ikitazamwa kwa makini, kila desturi kati ya hizi tano ni dirisha lililofunguliwa katika ukuta wa kitu kisichoonekana.

Usiku wa Januari 2017

Usiku wa tarehe 31 Januari 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, ambayo huhifadhi maandishi ya programu za watu wengine, alikuwa akirekebisha hitilafu. Alikusudia kufuta data katika seva ya akiba, akatoa amri hiyo katika seva kuu. Alipong'amua na kuisimamisha, kati ya takriban gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama gigabaiti 4.5. Kampuni ilikuwa na njia 5 za kuhifadhi nakala. Haikupatikana hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyotarajiwa. Mojawapo ilikuwa ikishindwa kimyakimya kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua za kuonya juu ya jambo hilo zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa barua. Kilichookoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla, kwa ajili ya majaribio.

Kampuni iliamua kutolificha tukio. Kumbukumbu za kazi ya uokoaji zilifunguliwa ili kila mtu azisome zikiwa zinaandikwa, na wahandisi wakaonyeshwa moja kwa moja kwa video wakiendelea na kazi. Huduma ilirudi baada ya saa 18 hivi, na data za takriban saa 6 zikapotea, ingawa maandishi ya programu za wateja yalisalimika. Taarifa kamili iliyotolewa siku chache baadaye ilieleza mfululizo wa sababu bila ya kumtaja mhandisi kwa jina. Swali lililoulizwa halikuwa ni nani aliyekosea, bali ni kwa nini amri moja ya mtu aliyechoka iliweza kuleta hasara kubwa namna hiyo, na kwa nini nakala za akiba zilikuwa hazijaribiwi. Swali la kwanza lingemwondoa mtu mmoja na kuacha hatari palepale. La pili liliwafundisha wahandisi wa kampuni nyingine wakakague nakala zao wenyewe.

Mipaka ya uwazi

Hata hivyo, uwazi si dawa ya kila ugonjwa. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda siri za sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, ilikuwa na kosa lililopewa jina la Heartbleed. Kosa hilo lilimwezesha mtu wa mbali kusoma vipande vya kumbukumbu za seva, pamoja na maneno ya siri yaliyokuwemo. Maandishi ya OpenSSL yalikuwa wazi kwa ulimwengu mzima kuyasoma, na bado kosa lilidumu humo kwa zaidi ya miaka 2. Mlango ulikuwa wazi, lakini waliopita na kutazama walikuwa wachache mno. Kila mmoja alidhani kuna mwingine anayetazama. Basi kuwezekana kuonekana si sawa na kuonwa. Hapana budi awepo mtu aliyepewa kazi ya kutazama, pamoja na muda na ujira wa kuifanya.

Pili, uwazi ukigeuzwa fimbo huangamiza kile ulichokusudiwa kukilinda. Msimamizi anayehesabu kadi za kila mmoja na kumwaibisha aliyebaki nyuma atapata kadi nyingi zenye kazi ndogo ndogo, na ishara za kijani zilizopatikana kwa kufuta majaribio magumu. Watu hawatakoma kukosea, watakoma kusema. Tatu, mikutano na mbao haziwezi kuchukua mahali pa uhandisi. Mashine ya mionzi inahitaji vizuizi vya umeme na uchambuzi kamili wa hatari, hata kama programu yake imesomwa na watu 10.

Jambo hili linaigusa Afrika moja kwa moja. Mfumo wa taarifa za afya uitwao DHIS2, ambao chimbuko lake ni mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994 na ambao huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, hutumiwa na wizara za afya za nchi nyingi, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Maandishi ya programu yake yako wazi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa walioshiriki katika kuurekebisha ufae mahitaji ya nchi. Lakini haki ya kusoma haimsaidii asiyejua kusoma. Takwimu za chanjo, za malaria na za uzazi zinapopita katika programu hiyo, uwazi wake utakuwa na maana kwa wananchi kwa kadiri watakavyokuwepo vijana wao wenyewe wanaoweza kuufungua mstari, kuuhoji, na kusema kwamba hapa pana kosa.

Zoezi kwa shule

Mwalimu hahitaji kompyuta ili kuanza. Wanafunzi 6 wanaotengeneza kituo cha kupima mvua na joto, au gazeti la ukutani, wanaweza kuchora ubao wa safu tatu kwa chaki na kukata kadi za karatasi. Wakutane kwa dakika 10 kila siku, kila mmoja akitaja kilichomkwamisha. Kila kipimo kilichoandikwa na mmoja kisomwe na mwingine kabla ya kuingizwa katika daftari kuu, na idadi ya makosa yaliyopatikana kwa njia hiyo ihesabiwe. Baada ya wiki nne walinganishe: makosa mangapi yaligunduliwa siku ileile, na mangapi yaligunduliwa baadaye? Wapige pia hesabu ya Little kwa kadi zao wenyewe, waone kama inakubaliana na muda halisi.

Sharti moja ni la lazima. Mwanafunzi atakayesema, "Nimekosea kusoma kipimo cha jana," asichekwe wala asipunguziwe alama. Akichekwa mara moja tu, makosa yatakayohesabiwa wiki inayofuata yatapungua, na darasa litadhani limeendelea, ilhali makosa yenyewe yangali yamo daftarini.